Ufunguo umekataliwa na seva: kosa liko wapi?

Uko Sanga, simu imekamata mtandao, mashini inawaka, na kazi ni ya haraka: ukurasa wa redio hauonekani tangu asubuhi, au orodha ya chanjo ya kituo cha afya inapaswa kupakiwa mbele ya jioni. Unaandika amri ya kuingia kwenye seva, ile iliyo Ulaya au Afrika Kusini, na jibu linakuja kwa maneno mawili ya Kiingereza: "Permission denied". Maana yake, umekatazwa kuingia. Jana ufunguo ulikuwa unafungua, leo hapana, na seva haisemi sababu.

Kunyamaza huko ni kwa makusudi. Seva haijui kama anayebisha hodi ni fundi wa redio au mwizi aliye mbali. Ikijibu "jina hili halipo" au "ufunguo huu si wenyewe", itakuwa imemsaidia mwizi kujua ajaribu nini kesho. Kwa hiyo inampa kila mtu jibu lile lile, na maelezo ya kweli inayaandika kwa ndani, katika daftari lake. Njo maana kazi ya kutafuta kosa inakuwa ya kuuliza maswali kwa mpango: je, nimefika mlangoni? Je, nimetaja jina sahihi? Je, nimetoa ufunguo gani? Je, kufuli iliyoko kule ndiyo ya ufunguo huu?

Kitu kingine cha kujua toka mwanzo: programu ya OpenSSH, ambayo karibu wote tunaitumia, inatoa ujumbe wake kwa Kiingereza hata kama mashini nzima iko kwa Kifaransa. Usihangaike kutafuta tafsiri kwenye mipangilio, haipo. Ndiyo sababu hapa chini tunaweka ujumbe wenyewe jinsi unavyoonekana, kisha maana yake.

Ufunguo na kufuli

Njia hii ya kuingia kwa mbali inaitwa SSH. Iliandikwa mwaka 1995 na mtafiti wa Finland, Tatu Ylönen, baada ya mtu kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yanapita wazi kwenye mtandao wa chuo kikuu chake huko Helsinki. (Tatu ni jina lake la kweli la Kifini, halina uhusiano na hesabu yetu.) Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, programu ya bure, na hiyo ndiyo imo leo ndani ya Linux, ndani ya mashini za Apple, na tangu 2018 ndani ya Windows 10 pia.

Unapotengeneza ufunguo, unapata mafaili mawili. La kwanza ni ufunguo wa siri, kwa mfano id_ed25519. La pili lina jina lile lile likiishia na .pub, nalo ni ufunguo wa wazi. Hilo la pili lifikirie kama kufuli: unaweza kulitoa kwa mtu yeyote, akalifunga kwenye mlango wake, na wewe tu ndiye utaweza kulifungua. Kule kwenye seva, makufuli yote ya mtumiaji mmoja yanakaa ndani ya faili moja, authorized_keys, kila kufuli kwenye mstari wake mmoja.

Ufunguo wa siri hausafiri kamwe. Wakati wa kuingia, mashini yako inatia saini kwa ufunguo wa siri juu ya namba ya mazungumzo yale ya wakati ule tu, na seva inakagua saini hiyo kwa kutumia kufuli iliyo nayo. Mtu anayesikiliza njiani anaona saini ambayo haitafaa tena kesho. Kwa hiyo fundi yeyote anayekuomba umtumie faili la siri kwa WhatsApp "ili alikague", mkatalie. Hakuna ukaguzi unaohitaji hilo.

Kwanza, je, umefika mlangoni?

Nusu ya watu wanaolalamika "ufunguo umeharibika" hawana shida ya ufunguo. Hawajafika hata mlangoni. Soma ujumbe vizuri.

Ukiona "Could not resolve hostname", mashini imeshindwa kupata anwani ya seva kutokana na jina lake. Ama umekosea kuandika jina, ama mtandao haupo. Ukiona "Connection timed out", barua imetumwa na hakuna aliyejibu: mtandao umekatika, seva imezimwa, au kuna ukuta unaozuia njia. "Connection refused" ni tofauti kidogo: mashini ya kule imejibu, lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ule, au ukuta wake umekufukuza. Katika hali hizi zote tatu, ufunguo haujaguswa bado. Usiufute, usitengeneze mwingine.

Jaribu mtandao mwingine mbele ya kitu chochote. Mitandao fulani ya ofisi na ya hoteli inazuia mlango namba 22, ambao ndio wa kawaida wa SSH. Washa mtandao wa simu yako, unganisha mashini humo, ujaribu tena. Ikipita, kosa ni la mtandao wa kwanza.

Kwetu kuna sababu moja ambayo vitabu vya Ulaya havitaji sana. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Seva nyingi nazo zina mlinzi, programu kama fail2ban, ambayo ikiona anwani imekosea mara 5 inaifunga, kwa kawaida dakika 10. Sasa, wewe hujakosea hata mara moja, lakini mtu mwingine usiyemjua, anayetumia anwani ile ile, anaweza kuwa amekosea, na mlango umefungwa kwenu wote. Ukiona jana uliingia, leo unapata "Connection refused", na baada ya muda mfupi inapita yenyewe, mfikirie huyo mlinzi. Zima na uwashe mtandao wa simu, pengine utapewa anwani nyingine. Kuendelea kubisha kila sekunde hakusaidii.

Na kuna siku ambapo hakuna ufundi unaosaidia. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, intaneti ilikatwa katika nchi yetu karibu wiki tatu, mpaka karibu tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019. Seva zilizokuwa nje ya nchi ziliendelea kuwaka, kurasa zilionekana Brussels na Nairobi, ila wenyewe hawakuweza kuzifikia. Redio yenye ukurasa inafaa iwe na mtu mmoja wa kuaminika nje ya nchi, mwenye kufuli yake mwenyewe kwenye seva, si nakala ya ufunguo wako.

Mwambie aseme zaidi

Ikiwa umefika mlangoni na umekataliwa, ongeza herufi moja kwenye amri:

ssh -v jina@anwani

Skrini itajaa maneno. Usiogope, tafuta mistari michache tu. Mstari wenye "Offering public key" unaonyesha ni ufunguo gani mashini yako inautoa, pamoja na fasi faili lilipo. Ukikuta faili la ufunguo wa zamani, au hakuna mstari huo kabisa, kosa liko upande wako: mashini haikupata ufunguo uliokusudia. Utaje wewe mwenyewe kwa -i, ukifuatwa na fasi ya faili.

Mstari wenye "Server accepts key" unasema kwamba seva imeitambua kufuli. Ukiuona huo na bado unashindwa, tafuta shida kwenye saini: mara nyingi maneno ya ulinzi ya ufunguo yamekosewa, au faili la siri na faili la .pub si ndugu. Usipouona huo, ufunguo umetolewa na seva imesema hapana: ama jina la mtumiaji si lenyewe, ama kufuli haiko kule, ama iko lakini seva haiiamini.

Jina ni kosa la kijinga na ndilo la kawaida. Usipoandika jina mbele ya alama ya @, programu inachukua jina unaloingilia kwenye mashini yako. Mashini iliyonunuliwa Lubumbashi kwa mkono wa pili inaweza bado kuwa na jina la mwenyeji wa kwanza, na ndilo linalopelekwa kwenye seva. Seva mpya za kukodi nazo zina majina yao: nyingine root, nyingine ubuntu, nyingine debian. Soma barua ya kampuni iliyokukodisha.

Kuna pia wale wenye funguo nyingi, mafundi wanaoshughulikia kurasa za watu mbalimbali. Mashini inatoa funguo zote moja baada ya nyingine, na kwa kawaida seva inavumilia majaribio 6 tu. Ufunguo wa kweli ukiwa wa saba hautafika zamu yake. Ujumbe ni "Too many authentication failures". Dawa ni kuandika ndani ya faili la config, katika folda ya .ssh, kila seva na ufunguo wake, na kuongeza mstari IdentitiesOnly yes, ili mashini itoe ule mmoja tu.

Kufuli iko, lakini seva haiiamini

Hapa ndipo wengi wanapoteza siku nzima. Kufuli imewekwa vizuri, herufi zote ni sahihi, na seva bado inakataa. Sababu ni ruhusa za faili. OpenSSH inakagua: je, mtu mwingine anaweza kuandika ndani ya faili la authorized_keys, au ndani ya folda ya .ssh, au hata ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji? Kama ndiyo, haiiamini kufuli yoyote iliyomo, kwa sababu mtu mwingine angeweza kuingiza yake. Amri mbili zinaweka sawa:

chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Ongeza na chmod go-w ~ kwa ajili ya folda ya nyumbani. Hiyo ya mwisho inasahaulika kabisa. Mtu anatoa ruhusa zote kwenye folda ya nyumbani ili ukurasa wa intaneti uonekane, na kesho yake haingii tena.

Upande wako pia kuna ukaguzi kama huo. Faili la siri likiwa linasomeka na watu wote wa mashini, programu inakataa kulitumia na kuandika kwa herufi kubwa "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE". Hii inatokea sana kwa wanaobeba ufunguo kwenye flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT, na mfumo huo hauna mahali pa kuandika ruhusa za Linux. Utapiga chmod mpaka uchoke, hakuna kitakachobadilika. Nakili faili ndani ya mashini, kwenye folda ya .ssh, ndipo upige chmod 600. Na ukishamaliza, ufunguo wa siri usibaki ukitembea kwenye flashi ambayo kila mtu anaiazima kupelekea muziki.

Kisha kufuli yenyewe. Lazima iwe mstari mmoja, toka ssh-ed25519 au ssh-rsa mpaka mwisho. Ukiipitisha kwenye Word au kuinakili toka skrini ndogo ya simu, inaweza kukatwa vipande viwili, au herufi ya kwanza inabaki nyuma. Kwa macho huoni kitu. Amri hii inakusomea alama ya kidole ya kila kufuli iliyo ndani ya faili:

ssh-keygen -l -f ~/.ssh/authorized_keys

Fanya hivyo hivyo kwenye mashini yako na faili la .pub. Alama zinaanza na SHA256 na herufi nyingi. Zikilingana, kufuli ni yenyewe. Na kama umepoteza faili la .pub, usilie: ssh-keygen -y -f ikifuatwa na faili la siri inakutengenezea jingine. Kutoka kwenye kufuli, hata hivyo, huwezi kamwe kupata ufunguo.

Tahadhari mbili juu ya kuandika ndani ya authorized_keys. Ukitumia alama > moja badala ya >> mbili, umefuta makufuli ya wenzako wote na kuacha yako peke yake. Na seva ambayo diski yake imejaa inaweza kukuachia faili tupu unapojaribu kuhifadhi. Ukurasa wa redio unaopakia sauti za vipindi kila siku unajaza diski mbele ya mtu kutambua. Angalia kwa df -h.

Watumiaji wa Windows wana mambo mawili yao. Notepad inapenda kuongeza .txt mwishoni mwa jina la faili, na Windows inaficha herufi hizo, kwa hiyo unaona authorized_keys kumbe ni authorized_keys.txt. La pili: wanaotumia PuTTY, programu ya Simon Tatham wa Uingereza, wana funguo zinazoishia na .ppk. OpenSSH haisomi umbo hilo, inasema "invalid format". Fungua ufunguo ndani ya PuTTYgen na uutoe kwa umbo la OpenSSH. Ufunguo ni ule ule, kilichobadilika ni nguo tu.

Klavie ya Kifaransa na maneno ya ulinzi

Ufunguo mzuri umefungwa na maneno ya ulinzi, ili mtu akiiba mashini asiingie moja kwa moja. Unapoyaandika, skrini haionyeshi kitu, hata nyota. Hapo klavie inakudanganya.

Mashini za kwetu zinatoka pande zote: nyingine toka Ubelgiji na Ufaransa zenye AZERTY, nyingine toka Dubai zenye QWERTY. A inakaa fasi ya Q, Z fasi ya W, M imehamia pembeni ya L, na namba zinahitaji kushika Shift. Zaidi ya hapo, vibao vinaweza kusema kitu kimoja na mipangilio ya ndani ikasema kingine. Mtu aliyezoea QWERTY akiandika "mazingira" kwenye mashini iliyopangwa AZERTY, kinachoingia ni ",qwingirq". Yeye haoni. Anajua maneno yake anayajua, anajaribu mara tatu, kisha anaamua kwamba ufunguo umekufa.

Fungua karatasi tupu ya kuandikia, andika neno lolote lenye a, z na m, utazame kinachotokea. Usiandike maneno ya ulinzi yenyewe pale mbele ya watu. Angalia na kitufe cha herufi kubwa. Mtu anaweza kushauri kuchagua maneno yasiyo na a, q, z, w wala m. Kwa Kiswahili, lugha ambayo haisemi sentensi bila a, ni ushauri wa bure. Afadhali kujua klavie yako.

Kujaribu kama maneno ya ulinzi ni sahihi hakuhitaji mtandao hata kidogo. Ile ssh-keygen -y -f tuliyotaja inauliza maneno, na ikikubali inatoa kufuli kwenye skrini. Ikikataa, shida ni maneno au klavie. Kuyabadilisha ni ssh-keygen -p -f, ila unahitaji ya zamani kwanza. Ukiyasahau kabisa, hakuna ofisi ya kwenda kuomba mengine: ufunguo ule umekwisha, tengeneza mpya.

Mashini ya zamani, seva mpya

Umri nao unaleta shida. Funguo za aina ya DSA zilizimwa katika OpenSSH 7.0, mwaka 2015, na katika toleo la 10.0 la mwaka 2025 zimeondolewa kabisa. Mwezi wa tisa 2021, toleo la 8.8 lilizima saini za aina iitwayo ssh-rsa, zinazotegemea hesabu ya SHA-1 ambayo watafiti walikwishaivunja.

Watu walielewa vibaya habari hiyo ya pili. Ufunguo wa RSA wenyewe haukukataliwa. Kilichokataliwa ni namna ya zamani ya kutia saini, na programu mpya inaweza kutia saini ya kisasa kwa ufunguo ule ule. Kwa hiyo fundi akifanya upya programu za seva usiku, na wewe asubuhi ukashindwa kuingia kwa mashini yenye programu ya mwaka 2012, ufanye upya programu yako. Kinyume chake kipo pia: mashini mpya, seva ya zamani, na ujumbe "no matching host key type found" au "no mutual signature algorithm". Kwenye intaneti utapewa mstari wa kuirudishia SHA-1 nguvu. Unafaa kwa kuingia mara moja ili kuirekebisha seva ile, si kwa kuuacha humo miaka.

Ukitengeneza ufunguo leo, aina ya Ed25519 inatosha. OpenSSH inaijua tangu toleo la 6.5, mwaka 2014, na kufuli yake ni fupi, karibu herufi 80, hivyo hata kuisoma kwa simu kwa mtu wa Kamina inawezekana:

ssh-keygen -t ed25519

Anayetumia simu ya Android na programu ya Termux anaweza kufanya hayo yote. Ajue tu kwamba ufunguo unaishi ndani ya Termux. Akiifuta programu ili kupata nafasi ya video, ufunguo unakwenda nayo.

Seva imebadilisha uso

Ujumbe mmoja unaandikwa kwa herufi kubwa na mistari ya alama ya @: "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED". Huo hauhusu ufunguo wako. Seva nayo ina ufunguo wake, mashini yako iliukumbuka siku ya kwanza, na leo anayejibu ameonyesha mwingine. Inawezekana seva imejengwa upya. Inawezekana pia mtu amesimama katikati akijifanya seva.

Wengi wanafuta mstari na kuendelea, kwa sababu ndiyo jibu la kwanza linalopatikana. Sisi tunasema hapana. Mpigie simu anayeshughulikia seva, umsikie kwa sauti yake, akusomee alama ya kidole ya seva, ulinganishe na ile iliyo kwenye skrini. Tarehe 24 mwezi wa tatu 2023, GitHub, ambayo maelfu ya mafundi wa Afrika wanaitumia, ilibadilisha ufunguo wake wa RSA baada ya ufunguo wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hifadhi ya wazi. Watu wengi duniani walipata onyo hilo asubuhi moja. Waliosoma tangazo na kulinganisha alama walijua ni kweli. Ukishahakikisha, ssh-keygen -R ikifuatwa na anwani inafuta kumbukumbu ya zamani.

Tunakazia hilo juu ya kile kilicho nyuma ya mlango. Mwenye kuingia kwenye seva ya redio anaweza kuandika habari kwa jina la redio. Katika majimbo ya mashariki, habari moja ya uongo kuhusu shambulio, ikiwa na jina la redio ambayo watu wanaiamini, inaweza kuwatoa watu kijijini usiku. Mwenye kuingia kwenye seva ya kituo cha afya anasoma majina ya wagonjwa.

Daftari la seva na saa

Ukiwa bado una njia moja ya kuingia, au mwenzako yuko ndani, sababu ya kweli iko kwenye daftari. Kwenye Debian na Ubuntu ni journalctl -u ssh, au faili la /var/log/auth.log. Ruhusa mbaya zinaandikwa pale kwa maneno "bad ownership or modes". Aina ya ufunguo iliyokataliwa inatajwa kwa jina.

Kumbuka saa. Haut-Lomami iko saa 2 mbele ya saa ya dunia ya UTC, na saa 1 mbele ya Kinshasa. Seva nyingi zinaandika kwa UTC. Ukijaribu saa 14:00 za Kamina, tafuta saa 12:00 kwenye daftari. Mafundi wawili, mmoja Kinshasa na mmoja Kamina, wanaweza kubishana nusu siku juu ya mstari mmoja kwa sababu ya hiyo. Betri ndogo ya ndani ikifa na mashini yako ikaamini tuko mwaka 2009, ufunguo wa kawaida hautajali, ingawa kurasa za https zitakataa kufunguka.

Kukatika katikati ya kazi ni shida nyingine, si ya ufunguo. Ongeza ServerAliveInterval 60 kwenye config, na ufanyie kazi ndefu ndani ya tmux, ili umeme ukikatika au mtandao ukipotea kazi iendelee kule na wewe uirudie.

Mashini imeibwa, mtu ameondoka

Ufunguo ukiwa mikononi mwa mwingine, kubadilisha maneno ya ulinzi kwenye nakala yako hakusaidii kitu. Ondoa kufuli kwenye seva. Futa mstari ule wa authorized_keys leo hii, na kwenye kila seva nyingine ulipouweka. Njo maana kila mtu awe na ufunguo wake, na mwisho wa mstari uandikwe ni wa nani na wa mashini gani. Redio ambayo watu watano wanatumia ufunguo mmoja haiwezi kumtoa mmoja bila kuwatoa wote. Mfanyakazi akiondoka kwa amani, ondoa kufuli siku hiyo hiyo. Si dharau kwake, inamkinga pia, kwa sababu ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Na mashini inayopelekwa kwa fundi wa mtaani kubadilishiwa skrini, toa ufunguo kwanza.

Unapobadilisha chochote kwenye mipangilio ya SSH ya seva, acha dirisha ulilo nalo wazi. Piga sshd -t kukagua kama faili halina kosa, washa upya, kisha fungua dirisha la pili na ujaribu kuingia. Likikubali, ndipo ufunge la kwanza. Ukiwa umejifungia nje kabisa, kampuni nyingi za kukodisha seva zina skrini ya dharura kwenye ukurasa wao wa mteja, ambayo haipiti SSH. Hakikisha redio yenyewe ndiyo inashika akaunti ile na barua pepe yake, si kijana mmoja aliyeifungua zamani kwa jina lake.

Ukiomba msaada, tuma mambo manne: amri uliyoandika, matokeo yote ya ssh -v, alama ya kidole ya ufunguo wako wa wazi, na saa uliyojaribu pamoja na mji ulipo. Faili lisiloishia na .pub libaki kwenye mashini yako.